Nampunguzia Mume Wangu Suruali

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Mimi si mtu wa hadithi, ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma, na haya yamenikuta nikiwa na akili zangu timamu.

Mume wangu anauza dagaa. Huwa anapanda boti kwenda Mwamgongo kuchukua mzigo, na safari moja akarudi na ndege kwenye tundu. Wale kasuku wadogo, mnaowaita lavubedi. Anaenea kiganjani, mwili wa kijani, uso rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na kila jicho limezungukwa na duara jeupe utadhani kapakwa chokaa. Muuzaji alikuwa na wawili, akamwambia hawatenganishwi. Unadhani alisikia? Huyu bwana hajawahi kumsikiliza mtu. Akachukua dume, jike akamwacha palepale ufukweni.

Kesho yake, jua linashukia upande wa Kongo, nimekaa barazani nashona, tundu nimelitundika pembeni yangu. Akaja mwanamke. Mfupi, hanifikii kifuani. Gauni la kijani, mtandio rangi ya chungwa, na kuzunguka macho yake, niamini, duara jeupe. Si wanja wala poda, ni ngozi. Akachota ulezi kwenye kikopo cha ndege, akatia mdomoni, akawa anamenya kwa ulimi na kutema maganda.

"Dada, nimekuja kumchukua mume wangu," akasema, na kidole kinaonyesha kwenye tundu.

Ningempa, haki ya Mungu. Lakini mume wangu akatoka ndani anacheka. "Mwambie huyo chizi aende zake."

Yule mwanamke hakugombana naye. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. "Basi mtunzeni. Mpeni ulezi, alizeti, mchicha. Parachichi msimpe, litamuua."

Sasa Kigoma hii, nani ataambiwa parachichi ni sumu akaamini? Huku yanaoza chini ya miti, tunawapa mpaka mbuzi. Mume wangu akakata kipande mbele yake, akakiingiza tunduni. Nilimshika mkono, akanisukuma. Ndege akala. Mwanamke alitazama mpaka mwisho, kisha akampima mume wangu kwa macho kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama ninavyompima mteja kabla sijachukua futi. Akaondoka. Alfajiri tulimkuta ndege amekufa.

Wiki haikuisha, mume wangu akakataa dagaa. Yeye, mtu wa dagaa. Ugali wa muhogo hataki, mawese hataki kuyaona. Anataka ulezi mkavu, anaumenya na kutema maganda kitandani kwangu. Halafu suruali zikaanza kumvuka. Nikapunguza kiuno, nikapandisha pindo. Baada ya muda nikapunguza tena. Hospitali walisema hana ugonjwa. Mganga wa Ujiji alimtazama macho tu, akaturudishia kuku wetu.

Leo namshonea nguo za kipimo cha mtoto wa chekechea, na lile duara jeupe limeshakamilika machoni mwake. Majirani wananiuliza mumeo yuko wapi, nasema amesafiri. Niseme nini kingine? Inaniuma, tena inaniuma sana. Mimi nilimshika mkono siku ile, lakini mimi ndiye niliyebaki mjane wa mtu aliye hai.

Lile tundu nilitaka kulichoma. Mume wangu akalia. Akaniambia kwa kile kisauti chake chembamba nilirudishe barazani, na mlango wake niuache wazi. Na kila jioni yule mwanamke anakuja kusimama ng'ambo ya barabara. Anaangalia tu kama mume wangu ameshaenea tunduni.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukinunua hawa ndege, nunua wawili. Na kama nyumbani kwako yuko mmoja, na mwenyewe akaja kumdai, mpe aende naye. Usimwulize mumeo.