Bakuli la Uji Kabla ya Pembe

Juzi nilikwenda kuchomwa sindano za Kichina. Usinicheke. Goti langu la kushoto linanisumbua tangu mvua za mwaka jana, na baridi ya Uyole unaijua, haimwonei huruma mtu wa umri wangu. Binti yangu alisikia kuna mtaalamu pale Mbeya mjini anayetibu kwa sindano nyembamba na vikombe vya kioo, akaniandikisha bila hata kuniuliza. Basi nikajikuta kwenye kiti, viatu nimevua, na mbele yangu Mchina wa makamo anayesema Kiswahili cha polepole ameshika kalamu. Akauliza hospitali wamenipa dawa gani. Akauliza kama nina presha, kama natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama kuna mitishamba ninayokunywa nyumbani. Nikamjibu vizuri tu. Mwisho akaniuliza, "Mama, asubuhi hii umekula?"

Nikasema nimekula. Uongo mtupu. Nilikuwa nimetoka nyumbani na maji ya moto tu tumboni ili niwahi foleni, na niliogopa kwamba nikisema kweli atanitoa amwingize mwingine. Akaenda kunawa mikono. Nikabaki natazama vile vikombe vya kioo vilivyopangwa mezani, nikamkumbuka bibi yangu, na nilipomkumbuka nikaona aibu.

Kwetu ni Iringa, upande wa Tosamaganga, katika kijiji kidogo chenye kigango cha kanisa, duka moja na mianzi kila upande. Nasema habari za miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nami nina kama miaka minane. Nililelewa na bibi mzaa mama, mjane, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Bibi alikuwa anaumika watu. Siku hizi wengi hawalijui neno hilo. Mtu akiumwa mgongo au bega, bibi alimwekea pembe ya ng'ombe juu ya ngozi, akavuta hewa kwa mdomo kupitia tundu dogo la nchani, kisha akaliziba tundu kwa ulimi na nta ya nyuki. Pembe ikang'ang'ania mgongoni. Baadaye aliibandua, akachanja chale ndogo, akairudisha ivute damu kidogo. Alikuwa na pembe tatu, nyeusi, zimelainika kwa miaka mingi ya kushikwa.

Nilizipenda siku za pembe kuliko sikukuu. Kazi yangu ilikuwa kuzisugua kwa majivu na maji ya moto, kisha kuikanda nta kiganjani mpaka ilainike, na mikono yangu ikanukia asali hadi jioni. Kila mgonjwa alikuja na wembe wake mpya uliofungwa kwenye karatasi, kwa sababu bibi hakukubali wembe wa mtu mmoja uguse ngozi ya mwingine, na hata ule mpya aliuchemsha. Mwenye duka, mzee mmoja Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani, alikuwa akisema anawajua wagonjwa wote wa bibi: akimwona mwanamume mwenye ndevu zake ananunua wembe mmoja, basi ujue ni mgongo unamwuma.

Lakini kazi niliyoipenda zaidi ni kupika uji. Ulikuwa uji wa ulezi, wenye maziwa na karanga zilizotwangwa, na mgonjwa aliunywa mbele ya bibi kabla pembe haijaguswa. Bibi alikuwa na maswali matatu na hakuruka hata moja. Umekula? Umekunywa dawa gani, za hospitali na za porini? Nani nyumbani anajua kwamba uko hapa? Mwenye homa kali au anayekohoa damu alimrudisha mlangoni: "Hiyo si ya pembe. Nenda hospitali leo, usilale." Na alikuwa na neno lake alilolirudia mpaka likatuchosha, kwamba mgonjwa anayemficha jambo anamfunga macho halafu anampa wembe.

Mwaka ule, hata hivyo, mambo hayakuwa shwari. Watu wa kigango walianza kunong'ona kwamba pembe ni mambo ya kishenzi. Jumbe, mkuu wa kijiji enzi zile, akaja mpaka kwetu, akakaa, akala ugali wetu, kisha akasema kwa upole kwamba akisikia mtu mmoja tu amedhurika, bibi atazikabidhi zile pembe na kuacha. Bibi akaitikia. Mimi nililia jioni ile, maana kuku tuliokula, maharage tuliyopanda na kitambaa cha gauni langu vyote vililetwa na watu waliopona migongo.

Sasa, mwalimu wetu wa dini. Huyu ndiye aliyetufundisha katekisimu na herufi, mtu mrefu, mkali, mwenye ndevu za kupendeza na baiskeli aliyoifuta kuliko alivyofuta ubao. Kila Ijumaa Kuu yeye ndiye aliyebeba msalaba kuzunguka kijiji. Majuma matatu kabla ya siku hiyo baiskeli ikamtupa kwenye tope, mgongo ukakaza, akawa hawezi hata kuinama kuokota chaki. Angeubebaje msalaba?

Akaja kwetu siku ya Ijumaa alasiri, mvua imekatika, akipitia nyuma katikati ya mahindi ili asionekane. Mimi nilimwona wa kwanza. Nikamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, mwalimu," naye akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha, wembe wake umelowa jasho mkononi.

Bibi alimpokea kama alivyompokea yeyote. Akamkalisha kwenye kigoda, akauliza maswali yake. Amekula? Amekula. Dawa? Hakuna. Nani anajua yuko hapa? Mke wake anajua. Bibi akamkabidhi bakuli la bati la rangi ya buluu lililojaa uji, akatoka kuepua maji ya wembe jikoni. Mwalimu akautazama uji. Kisha akanitazama mimi, akanisogezea lile bakuli.

"Kunywa wewe, upesi," akasema. "Mimi nimefunga. Usimwambie bibi yako."

Ilikuwa Kwaresima, nimesahau kukwambia. Wakubwa wengine walipunguza chakula tu, lakini yeye Ijumaa hakutia kitu mdomoni mpaka jua lizame, na alikwisha kutangaza kanisani mbele ya wote kwamba hata ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hataugusa mpaka Pasaka. Naye alikuwa mwalimu wangu, na uji ulikuwa na karanga. Niliunywa wote, nikalamba na ukingo wa bakuli. Bibi aliporudi alilikuta tupu, akamsifu mwalimu kwa kunywa vizuri.

Pembe ya kwanza ikashika, na ya pili. Bibi alikuwa ndiyo kwanza ameziba ya tatu wakati mwalimu aliposema anaona giza. Jasho likamtoka usoni, mdomo ukawa wa kijivu, akaporomoka kutoka kwenye kigoda. Bibi akamdaka, akazing'oa pembe moja baada ya nyingine, akamlaza mkekani na kuiinua miguu yake juu ya gunia la mahindi. Alimwita. Hakuitika.

Bibi akamgusa paji la uso, akamsikiliza pumzi. Alikuwa akijiuliza kwa sauti: huyu kala, hana homa, hakunywa dawa, sasa ni nini? Mwisho akanigeukia.

"Kimbia kamwite jumbe," akasema. "Mwambie mwalimu ameanguka mikononi mwangu, na pembe aje azichukue."

Nilifika mlangoni, nikageuka. Niliziona zile pembe tatu sakafuni, nikaona tukiishi bila hizo.

"Bibi, hajala," nikasema. "Uji nimekunywa mimi. Yeye amefunga."

"Basi ni njaa," bibi akasema. Hakunipiga, hakunikaripia. Akamwaga maji baridi kwenye kitambaa, akampangusa mwalimu uso na shingo, na mwalimu akafumbua macho. Halafu bibi akatungua mbeta ukutani, kile chombo cha mwanzi tunachokingia ulanzi, yenye utomvu wa asubuhi ile ile, mtamu, ambao ulikuwa bado haujachacha. Akamnyanyua kichwa, akamnywesha kidogo kidogo. Mwalimu alimeza. Akameza tena. Kisha akaishika mbeta kwa mikono yake mwenyewe na kuimaliza.

"Mama, hiki ni nini?" akauliza, na ndevu zimelowa.

"Ni hicho hicho unachokifikiria," bibi akasema. "Ungesema umefunga, mwalimu, ningekwambia uje Jumatatu. Mgongo usingekimbia."

Alikula kwetu ugali wa mchana uliobaki, na maharage, na ndizi mbili. Ndipo akakiri kwamba hata mke wake hakujua alipo. Bibi akamsindikiza mpaka nyumbani kwake kwa njia kubwa, mchana kweupe, akimshika mkono, na kila aliyewaona aliwaona. Mimi aliniamuru nipike sufuria nyingine ya uji na nisionje hata kijiko. Hiyo ndiyo adhabu niliyopata, na nilistahili kubwa zaidi.

Jumapili tuliogopa kwenda kanisani, lakini tulikwenda. Bibi alikaa nyuma kabisa, mtandio umemfika machoni. Mwalimu akasoma masomo, akafundisha, na badala ya kutuimbisha akabaki amesimama. Akasema Ijumaa alimdanganya mtu aliyetaka kumponya, mara mbili, na akamfundisha mtoto kudanganya. Akasema karibu amharibie mama mzima jina kwa ajili ya bakuli la uji. Kisha akasema maneno ambayo kijiji kiliyarudia miaka na miaka.

"Mkienda kwa mama yule, kuleni kwanza. Na akiwauliza, semeni kweli. Mimi sikula, nikavunja na ahadi yangu ya ulanzi, na ulanzi wenyewe ulikuwa mtamu."

Kanisa zima likacheka. Jumbe, aliyekuwa benchi la mbele, alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia macho. Nilimtazama bibi, kichwa ameinamisha, mabega yanamcheza kwa kicheko. Habari ya kuzikabidhi pembe haikusikika tena. Jumatatu mwalimu alirudi, akanywa uji wake mwenyewe, akaumikwa mpaka mwisho. Na Ijumaa Kuu mwalimu alibeba msalaba wake akiwa amenyooka. Watu walimpongeza bibi, naye akawaambia pembe zilisaidia nusu, nusu nyingine ni kwamba mwalimu alilala siku tatu na kuiacha baiskeli.

Wote hao wametangulia. Kile kijiji nilikipita mwaka juzi: nyumba za matofali, mianzi michache, na pembe sijui zilikoishia, labda zilitupwa na mtu asiyejua ni za nini. Siumii sana juu ya pembe. Vikombe vya kioo vinafanya kazi ile ile, sindano za Mchina hutoka kwenye pakiti mpya kama wembe wa wagonjwa wa bibi, na maswali ni yale yale. Ninachokikosa ni yule mtu aliyesimama mbele yako kukuangalia mpaka umalize bakuli.

Daktari alirudi akifuta mikono. Nikamwambia, "Daktari, nimekudanganya. Sijala." Hakukasirika. Alisema nafasi yangu ataitunza, niende nikale nirudi taratibu. Binti yangu, aliyekuwa akiningoja nje, akanifuata nyuma akinung'unika kwamba mama utatuaibisha na umri huu. Ng'ambo ya barabara kuna mama lishe. Nikamwuliza kama ana uji wa ulezi, akasema upo, wa karanga. Nikaketi kwenye benchi lake, nikaunywa wote, nikalamba na ukingo. Safari hii bakuli lilikuwa langu.