Kibao Kilichofunika Chungu

Tangu Jumapili nimekasirika na bado sijapoa, kwa hivyo nivumilie. Nilimpeleka binti yangu kijijini, kule Mwala, kwa nyanya yangu, yule aliyenilea. Binti amekulia Syokimau, Kikamba hajui, na nyanya Kiswahili kinamchenga. Akajikaza na Kizungu chake kidogo. Alitaka kumulika ghalani, akamwambia mtoto, "Borrow me your phone." Binti akacheka. "Susu, ni lend. Borrow ni ukichukua." Nyanya akaingia ghalani gizani.

Wewe uliyesoma huku kwetu unakikumbuka kile kibao. Kipande cha mbao na kamba yake. Ukiteleza na neno moja la Kikamba, ama uchanganye borrow na lend, mwalimu anakuvisha shingoni. Unazunguka nacho siku nzima ukimtega mwenzako akosee umrushie. Aliyebaki nacho jioni alienda nacho nyumbani, watu wakimwona njia nzima, na asubuhi kiboko kinamngoja. Tulijifunza Kizungu, ndiyo. Tulijifunza pia kufunga midomo, na hilo sijawasamehe.

Lakini nyumbani kulikuwa na nyanya. Unaingia jikoni, moshi unakuuma macho, isyo imechemka tangu mchana, mahindi na maharagwe yananukia mpaka nje. Alikuwa anakivua shingoni mwangu bila kuuliza chochote, anafunikia chungu. "Hapa kwangu mdomo ni wa kula na kuongea," alizoea kusema. Kisha tunaketi kumenya mbaazi, anatutegea vitendawili, nasi tunajibu kwa lugha yoyote iliyotangulia kinywani. Hakuna aliyechekwa.

Shule ilipoacha kile kibao nilifurahi, nikadhani kimeoza. Kumbe wapi. Sasa watoto wetu wanatembea nacho ulimini, na sisi wazazi tunajisifu kwa majirani. Borrow ni borrow, lend ni lend, sawa, mtoto ajue, nani amekataa? Lakini mtu aliyekula chumvi nyingi hivyo anakuongelesha kwa lugha isiyo yake ili tu akufikie, na wewe unamwekea alama kama mtihani?

Nilimgombeza binti, akaomba msamaha kwa Kizungu safi. Nyanya akatikisa kichwa tu. Tukaketi kumenya mbaazi kama zamani. Nikangoja kitendawili, hakikuja.

Chakula kilipoiva, binti alikuwa ameketi kando yake, goti kwa goti. Nyanya alinitazama mimi, akasema kwa Kikamba, "Mwambie huyo mtoto alete sahani."