Nina kigugumizi, na nilimsemea dada yangu siku ya mahari

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe hapa mjini Baraka, sikusimuliwa na mtu. Mwenye haraka apite, mwenye chai akae.

Mwezi ujao natimiza miaka thelathini na tano. Wenzangu wa umri huu wanaleta nyuzi za viwanja na magari. Mimi naleta uzi wa mdomo.

Nina kigugumizi tangu utoto. Si kile cha kukwama mara moja ukiwa na hasira. Ni kile cha neno kugoma kooni, watu wakukodolee macho, mwingine aanze kukuonea huruma.

Asiyenacho hajui kinavyompangia mtu maisha. Nimepanda pikipiki nikapitilizwa kwetu kwa sababu "simama" imegoma. Naishi kando ya ziwa, lakini kwenye kibanda cha chakula nilikuwa naagiza maharage, maana "samaki" ilinishinda kutamka. Miaka! Mama muuzaji akaamini kabila letu lina mwiko wa samaki.

Nikachagua useremala. Mbao hazikuulizi kitu.

Na nilijiambia nitaanza kuishi siku ulimi utakapopona. Nitachumbia ukipona, nitasimama kanisani ukipona. Ujana wangu uliishia hapo, kwenye kusubiri, na inaniuma mpaka leo.

Sasa kisa chenyewe.

Baba yetu alishafariki. Mimi ndiye mkubwa, ananifuata Sadiki, halafu Riziki, dada yetu kitinda mimba. Riziki ni mzalishaji, yaani mkunga, kwenye kituo cha afya kule Lusenda. Akapata mchumba wa kutoka kijiji cha Swima, mvuvi, kijana mtulivu. Siku ya mahari ikapangwa, na baba mdogo wa Lubondja akateuliwa kuwa msemaji wetu.

Siku chache kabla, Riziki akaja karakana, uso umemshuka. Kumbe mama mkwe mtarajiwa alishaanza kusema kwamba bibi harusi ataacha kazi, akae Swima aanike ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Yaya, mbuzi ni yenu," akaniambia, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Mi nataka kitu moja tu: bantu ba Swima basiniachishe kazi. Mwambie baba mudogo aiseme mbele ya bantu bote."

Alijua anachodai. Kwetu, sharti lililosemwa siku ya mahari mbele ya familia mbili limefungwa. Lisiposemwa, kesho ukilalamika utaulizwa mbona ulinyamaza.

Nikamtumia baba mdogo ujumbe (simu sipendi, mnajua kwa nini). Akajibu nisiwe na wasiwasi.

Siku ikafika, na mvua nayo. Barabara ya Lubondja ikawa tope, lori la baba mdogo likazama huko. Wageni wa Swima walishakaa sebuleni, mbuzi wamefungwa uani. Kuwarudisha wageni wa mahari ni aibu isiyofutika.

Nikamsukuma Sadiki ashike nafasi ya msemaji. Huyo ana mdomo mpaka redio inamwonea wivu. Mama akakataa katakata.

"Mukubwa iko hai, mudogo atasema namna gani? Unataka bantu baseme tulikuzika?"

Wakuu, nilitoka jasho kwenye mvua.

Nikaingia, nikakaa kiti cha msemaji. Upande wao msemaji alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwema, tatizo lake moja tu: hawezi kuona sentensi inateseka. Kila nikikwama, ananimalizia. Salamu akanimalizia, shukrani akanimalizia. Mwanzoni nilimwona mkombozi. Mbuzi wakakubaliwa, vitenge vikakubaliwa, mambo yanateleza.

Halafu nikafika pale penyewe. Nikaanza, "Kuhusu kazi ya... ya..."

"Ya nyumbani!" mzee akadakia. "Usihangaike, mama yake mukwe atamufundisha yote."

Watu wakapiga makofi. Makofi, wakuu! Nikatazama mlango wa chumba alichofichwa Riziki. Pazia likatikisika kidogo, likatulia. Nikajua amesikia, na anafikiri yamekwisha.

Nikanyoosha mkono, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya tangu nizaliwe.

"Baba, unisamehe. Ningojee. Hii neno ni yangu, nitaimaliza mi mwenyewe."

Sitaandika ilivyokatika-katika, ukurasa ungejaa vistari. Ilichukua muda. Mvua inapiga mabati. Lakini walingoja. Nikaendelea.

"Dada yangu anazalishaka bamama kule Lusenda. Mukimuoa, mumuoe na kazi yake. Mukikataa, murudie na mbuzi yenu, hatutagombana."

Sadiki akashika kichwa. Wageni wakaomba kutoka wakashauriane, wakasimama barazani wakinong'onezana.

Waliporudi, mama wa kijana ndiye aliyeuliza, na hakutabasamu. "Akiitwa kazini, batoto batabaki na nani?"

"Na baba yabo."

Ilitoka laini, bila kukwama hata herufi. Sijui ilitoka wapi! Akina mama wa pande zote mbili wakapasua vigelegele, bwana harusi akacheka, kisha akaitikia kwa kichwa. Mama yake akamtazama, akaguna, akasema, "Basi, mwenyewe amekubali."

Mzee mwalimu akalitangaza sharti letu neno kwa neno. Riziki akaitwa, akaulizwa kama tupokee mbuzi. Akasema ndiyo kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Mimi nililia, sifichi.

Baba mdogo alifika kesho yake, tope mpaka magotini, anafoka. "Mulimuacha ule kigugumizi aseme?"

Mama akamsogezea sahani. "Alisema. Kaa, ukule nyama."

Riziki ameolewa, na kule Lusenda bado anazalisha akina mama. Mimi sijapona, wala sisubiri tena kupona. Mwezi uliopita jirani alikuja kuniomba nikamsemee mtoto wake mahari. Nikamkumbusha nilivyo. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja kwangu, huko watu watanyamaza wasikilize.

Nilichojifunza ni hiki. Anayekumalizia sentensi si lazima awe adui, lakini ataimalizia kwa faida ya upande wake. Na watu wanaweza kukungoja kuliko unavyodhani, ila lazima uwaambie wangoje. Ningejua haya nikiwa na miaka ishirini, ningekuwa mbali.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe unayeaga ujana kama mimi, ni neno gani unaacha wengine wakusemee? Liandike hapa chini. Chukua muda wako, tunangoja.