Bakuli la Mama Feza

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilikuwa mdomo wa nyanya yangu. Koko, ndivyo tulivyomwita, hakujua Kiingereza hata cha kununulia mkate, kwa hiyo kila barua iliyoingia mlangoni, kila fundi aliyekuja kutazama bomba, kila nesi, mimi ndiye niliyesimama katikati nikatafsiri. Baba alibaki Kongo, kaburini. Mama alisafisha maofisi mjini asubuhi na jioni, na Yaya Baraka, kaka yangu, alikuwa na miaka kumi na tisa na alibeba maboksi kwenye ghala kule Washwood Heath. Basi Kiingereza cha fleti yetu ya ghorofa ya nne, Newtown, kilikuwa mimi.

Wakati ule ndipo watu walipoanza kusimama. Anayeishi Birmingham anawajua. Mtu yuko njiani, magoti yamelegea, kichwa kimening'inia, mikono karibu iguse ardhi, na haanguki, dakika kumi, ishirini, watu wanampita na mifuko yao ya nyanya na mkate. Koko alipomwona wa kwanza, nje ya duka, alinibana mkono mpaka mfupa ukauma.

"Unamuona ule?"

"Namuona, Koko."

"Roho yake haiko pale. Bameipeleka kulima shamba ya muntu. Usimuite jina, ukiita roho inaitika kwa kinywa yako. Na kile kilimushika, usikitaje hata siku moja. Kinasikia."

Nikamuuliza wanashikwaje. Akacheka kidogo, kicheko chake cha puani.

"Kwa chakula. Mulozi hapigi hodi na panga, mwanangu. Anapiga na bakuli."

Nilijua anamsema nani. Mama Feza tuliabudu naye, aliishi Aston peke yake, Feza lilikuwa jina lake mwenyewe kwani mtoto hakuwa naye, na kila Jumapili alituletea sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese, ndani ya bakuli la bati lenye maua ya buluu. Koko alimshuku tangu mwanzo. Mwanamke asiye na mtoto anapikia watoto wa wengine kwa nini? Lakini sombe aliila. Aliinusa kwanza, akaila, akamsema mpishi, akaomba nyingine.

Halafu Yaya akabadilika. Alicheka peke yake, akaangusha vikombe, akalala amekaa. Siku moja nilimkuta bafuni, dirisha wazi, baridi tele, harufu kama plastiki imeungua pamoja na majani. Hakunifukuza. Alichukua kipakiti cha rangi ya fedha, kinang'aa kama cha pipi, akakisukuma ndani ya mfuko wa koti langu la shule.

"Nifichie, kadogo. Koko anapekua koti zangu, zako hapekui."

"Ni nini?"

"Ya usingizi. Hizi shifti zinaniua. Na usikuwe mbea."

Nilitembea nacho siku tatu. Sikukifungua. Niliposimama mstarini shuleni nilikisikia kinachakarisha mfukoni nikakibana kwa kiganja kinyamaze, kwa sababu niliamini ndicho kile chenyewe, kile kisichotajwa, na sasa kinaishi kwangu.

Siku ya nne, natoka shule, mchana kweupe, napita ile njia ya chini ya barabara, nikaona viatu. Nilivijua viatu kabla ya kumjua mtu. Yaya, na koti lake la kazini la kung'aa, ameinama, mate yanashuka kama uzi. Nilifungua mdomo kumwita. Nikaufunga. Nasema ukweli, niliufunga kwa mkono, nikapita nyuma yake nimejibana ukutani, nikakimbia mpaka nyumbani.

"Koko, Yaya amesimama."

Aliondoka na ndala, kwenye baridi ile, na pakiti ya chumvi ya kufukuzia ulozi mkononi. Tulipofika Yaya alikuwa chini. Alikuwa amepiga kichwa, damu, mwili unarukaruka, na mwanamke mmoja na kigari chake cha sokoni alikuwa tayari anaita ambulansi. Mpaka leo nahesabu. Kutoka pale hadi nyumbani, ngazi kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, kurudi. Kama ningemwita jina lake. Kama ningemwambia tu mtu mzima yeyote aliyepita. Lakini nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimekatazwa.

Tulipofika hospitalini, Mama alikuwa bado yuko ndani ya basi. Walitafuta mkalimani kwa simu, wakapata wa Kisomali, wakakata. Nesi akapiga magoti mbele yangu, mwanamke mnene mwenye miwani mikubwa, akasema samahani, hii si kazi ya mtoto, lakini muulize bibi, kaka ametumia nini?

Nikamuuliza Koko.

"Umuambie alikula sombe ya Mama Feza."

Nikatafsiri hivyohivyo, na jina nikalitaja. Nesi akaandika. Naiona ile karatasi hadi leo, alituuliza herufi za Feza.

Halafu akanitazama vizuri. "Sikiliza, mpenzi. Moyo wake unakwenda vibaya. Tukijua alichovuta tutajua pa kuanzia. Hakuna atakayekugombeza."

"Anasema nini?" Koko akauliza.

"Anauliza kama sombe ilikuwa na samaki."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza kama mkalimani. Koko akasema ndiyo, dagaa, akafumba macho akaendelea kuomba na chumvi yake kifuani. Mimi nikatia mkono mfukoni, nikatoa kipakiti, nikakiweka kwenye kiganja cha nesi. Nilikuwa nimekatazwa kutaja, sikuwa nimekatazwa kutoa. Nesi akafunga kiganja, akanigusa shavu, akaondoka karibu anakimbia.

Yaya hakufa. Aliamka siku ya pili, akatuuliza saa ya shifti yake.

Lakini aliporudi nyumbani alirudi na macho mengine. Alifunika televisheni kwa shuka. Alisema watu wa ghorofa ya juu wanahesabu hatua zake, akatembea kwa vidole ili wakosee. Aliniuliza mimi, mtoto, nani amenituma. "Munaona?" Koko alisema. "Bado bamemushika." Akachukua lile bakuli la maua ya buluu, lilikuwa limeoshwa, linasubiri Jumapili, akalitupa kwenye tundu la takataka la koridoni, linaloshuka mpaka chini ya jengo. Nililisikia likigonga ghorofa ya tatu, ya pili, ya kwanza.

Mama Feza akaja na sufuria. Koko alimsemesha kwa ufa wa mlango, mnyororo umefungwa.

"Mutoto yangu hakufa, Feza. Rudia na chakula yako."

"Mama, mimi nilifanya nini?"

"Wewe ndio unajua."

Nilikuwa nimesimama pale nyuma ya Koko, naona kipande cha uso na kipande cha sufuria. Walizungumza lugha moja. Hakuna aliyeomba mdomo wangu, na hapo ndipo ulipohitajika kweli. Nikanyamaza. Kanisani habari ikaenea, watu wakaacha kula chakula chake, yeye akaacha kukileta, akahamia viti vya nyuma, halafu akahama kabisa.

Miaka ilipita ndipo mwalimu wa Biolojia, sekondari, akachora ubongo ubaoni. Akasema ubongo una vitasa vidogo vingi, na mwili una funguo zake wenyewe za kufungua kidogo na kufunga: usingizi, njaa, furaha, hofu. Bangi ni ufunguo unaofanana, unaingia nusunusu. Lakini yale majani yanayopuliziwa kemikali na kuuzwa kwenye pakiti zinazong'aa, ule ufunguo unaingia mzima na kukwama, na hata anayeuza hajui amepulizia kiasi gani. Mtu anazimika amesimama. Na pale panapopima hatari pakishatikiswa, kengele inalia hata wiki nyingi baadaye, hata kwa hatua za jirani. Wenzangu waliandika. Mimi nilisikia bati likigonga ghorofa.

Koko alikufa anaamini chumvi yake ndiyo iliyomrudisha Yaya. Sikumwambia. Yaya ana lori lake sasa, yuko Coventry, nikilianza jambo hili ananikata. "Acha, kadogo. Ilipita." Ilipita kwake.

Mimi nina Amani, mwanangu wa miezi minane, na naogopa kila kitu. Dawa ya homa nasoma maandishi mara tatu, halafu nampigia mama. Nikipita na kigari cha mtoto mahali mtu amesimama vile, nageuza njia, halafu naona aibu, narudi, nauliza uko salama, nimpigie mtu? Mara nyingi hawajibu. Nauliza hivyohivyo, kwa sauti.

Wiki iliyopita, kituo cha basi Aston, mtu akasema, "Neema? Mutoto ya Mama Baraka?" Mama Feza, nywele zote nyeupe. Akamtazama Amani muda mrefu, mikono akaiweka nyuma, hakuomba kumbeba. Akaniuliza ninapoishi. Nilitaja, sijui kwa nini sauti ilikuwa ndogo.

Jumamosi akaja. Sombe, bakuli jipya, la plastiki, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa.

"Unanyonyesha, Mama Amani. Italeta maziwa."

Nikamkaribisha ndani. Hakuingia. Aliliweka chini kwenye kizingiti, akarudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyekwisha kujifunza umbali wake, akasema basi linakuja.

Nililipeleka mezani. Nikafungua. Na kabla sijawaza chochote, mimi, niliyekitoa kile kipakiti kwa mkono wangu, mimi niliyechora vile vitasa kwenye daftari nikapata alama nzuri, niliinama nikainusa. Kama Koko. Ilikuwa na mawese na dagaa, basi. Ile kemikali ilitoka mwilini mwa Yaya ndani ya siku chache, na hofu yake ndani ya miezi. Hii yangu sikuivuta popote, nililishwa polepole na mtu aliyenipenda, na bado imo.

Nilikula yote. Amani alilamba kidole changu, akataka tena.

Kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu. Nimekaanga mandazi, nimelijaza, nimelifunga kwa kitambaa chake. Limekaa mlangoni tangu asubuhi karibu na kigari cha mtoto, Amani ameshavaa kofia, na mimi niliyeitafsiria nyumba nzima bado natafuta sentensi ya kwanza ya kumwambia Mama Feza.