Nyumba Tuliyoonyeshwa Masika

Uhamisho wangu ulipokuja, mke wangu aliupokea kama dawa. Nilikuwa afisa uvuvi Kapalamsenga, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambako karibu kila ua una kichanja cha kukaushia samaki waitwao migebuka na jioni moshi hutambaa baina ya nyumba mpaka kwenye mito ya vitanda. Moshi huo ndio unaolisha kijiji kile, na sina neno baya la kuusema, isipokuwa kwamba binti yetu wa mwisho hakuweza kuishi nao. Alikuwa na miaka minne na pumu. Kifua kilipombana, mabega yake yalipanda hadi masikioni na macho yakatutazama bila sauti, kana kwamba anatuuliza tunangoja nini. Daktari alisema bila kuzunguka: mwondoeni mtoto huyu kwenye moshi. Basi nilipoandikiwa kwenda Mpanda mjini, swali la nyumbani kwetu lilibaki moja tu. Mtaa gani?

Watu huwauliza madalali swali hilo. Mimi nilimuuliza baba wa ubatizo wa mtoto. Alikuwa mwalimu kijijini kwetu wakati binti huyu anazaliwa. Tulikula sahani moja, na siku ya ubatizo ndiye aliyemshika mikononi, maji yakimtiririkia mtoto utosini, akaahidi mbele ya padri kumlinda kama wake. Baadaye alihamia Mpanda akaacha ualimu na kuingia katika biashara zake. Mtoto, ambaye alisimuliwa habari ile mara nyingi, alimwita Baba wa Maji. Sikuona mtu mwingine duniani mwenye sababu kubwa zaidi ya kuniambia ukweli.

Hata hivyo, kwa kuwa mke wangu alisisitiza tusione nyumba moja tu, tulianzia Makanyagio. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa sekondari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, na mara tu alipojua kwetu ni wapi, alifurahi kupita kiasi. Kabila lake na letu ni watani tangu enzi za mababu. Kwa watani hakuna heshima ya kuanzia. Unatukanwa kwanza ndipo ukaribishwe.

"Karibuni, wala migebuka," alisema, akifungua geti. "Nyie watu wa ziwani mnajua kulala kwenye nyumba ya tofali kweli, au niwatafutie mtumbwi?"

"Tunajua," nilimjibu. "Ndiyo maana hii yako inatutia shaka."

"Hee! Bwana Samaki ana mdomo. Mama, huyu unamwezaje?"

"Namwacha aongee, akichoka analala," mke wangu alisema, na wanawake wale wawili wakacheka kama waliolelewa pamoja.

Nyumba ilikuwa ndogo na imebanwa. Mbele yake ilipita barabara ya mtaa yenye bodaboda wasiojua breki, na duka la jirani lilikuwa na spika iliyoimba tangu asubuhi. Lakini kutoka uani tuliwasikia watoto wa shule ya awali wakiimba herufi, na zahanati ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu. Mke wangu alinivuta kando. "Baba watoto, mimi hapa nimepapenda."

"Kelele," nilisema.

"Kelele hazimbani mtoto kifua."

Nilimwambia mwenye nyumba, kwa adabu, kwamba kesho yake tungeiona nyingine Misunkumilo, kule pembezoni, bondeni, jirani na shamba la rafiki yangu, yule baba wa ubatizo, aliyetutafutia. Nikamtajia rafiki yangu ni nani. Mwanamke yule alinitazama, kisha akapiga makofi mara moja.

"Huko? Nendeni tu. Kiangazi kikifika mtakaushwa kama migebuka yenu, na sisi tutakuja kuwanunua sokoni."

"Na wewe utakuwa mteja wa kwanza, kwa ulafi wenu unaojulikana," nilimrudishia, na tukaagana kwa kicheko.

Hivyo ndivyo utani ulivyo. Tusi hujibiwa kwa tusi, hesabu hufungwa pale pale, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayekwenda nyumbani kulitafakari neno la mtani wake. Isitoshe, aliyesema alikuwa na nyumba tupu inayotafuta mpangaji. Kwa mwanamume aliyesoma kama mimi, sababu hizo mbili zilitosha.

Misunkumilo ilitupokea kwa uzuri wote wa masika. Nyumba ilikuwa pana, imezungukwa na mipera; ng'ambo ya ua wa minyaa kulikuwa na mahindi marefu ya rafiki yangu, na nyuma ya mahindi mashimo kadhaa yaliyojaa maji ya mvua, bata wakiogelea. Watoto walikimbia kutafuta vyura kabla hatujaingia ndani. Hewa ilikuwa na harufu ya majani mabichi. Nilimuuliza rafiki yangu waziwazi, mbele ya mke wangu, kwa sababu sipendi maswali yanayozunguka:

"Kuna moshi hapa? Wanachoma mkaa jirani? Wanachoma chochote?"

Alimwita mtoto, akamwekea kiganja kichwani. "Huyu nimemshika mimi kwenye maji ya ubatizo. Leo nimlete kwenye moshi? Hapa, shemeji, moshi ni wa jiko lako tu."

"Na mashimo yale?" mke wangu aliuliza.

"Ya zamani. Watu walikuwa wanachukua udongo wa kukandikia nyumba. Yatafukiwa."

Mke wangu aliyatazama mashimo, akamtazama mtoto aliyekuwa amesimama chini ya kile kiganja kama chini ya mwavuli, akaingia ndani kuhesabu vyumba. Tukahamia.

Lazima niseme, kwa kuwa haki ni haki hata kwa aliyenidhulumu, kwamba miezi ile ya kwanza ilikuwa mizuri. Binti yetu alilala usiku kucha. Kichupa cha dawa ya kupuliza kilikaa rafuni mpaka kikashika vumbi. Alijifunza kupanda mpera, jambo ambalo Kapalamsenga hakuwahi kulijaribu kwa kukosa pumzi. Jumapili baada ya misa Baba wa Maji alipita, akaketi barazani, mtoto akampanda mapajani na kumsimulia habari za bata. Mke wangu mwenyewe alianza kulegea. "Labda ulikuwa sahihi," aliniambia siku moja akianika nguo, na nilikubali sifa ile kama mtu anayelipwa stahiki yake.

Mvua zilikatika. Rafiki yangu alivuna mahindi, akafyeka mabua, na ardhi ikabaki wazi. Nilisimama kwenye ua wa minyaa nikaitazama kwa muda mrefu. Chini ya mahindi yale udongo ulikuwa mwekundu, mahali pengine mweusi, mgumu kama kigae, umetapakaa vipande vya matofali. Mtu aliyefanya kazi kando ya matanuri ya samaki haambiwi ardhi iliyoungua hufananaje. Ile haikuwa imeungua mara moja. Ilikuwa imeungua kiangazi baada ya kiangazi, na mahindi yalikuwa yamepandwa juu yake kama shuka inavyotandikwa juu ya godoro lenye madoa.

Baada ya siku chache vijana walifika na vibao vya kufyatulia. Walichota maji kwenye mashimo ya bata, wakakanyaga udongo wakiimba nyimbo za redioni, wakapanga matofali mabichi safu kwa safu na kuyafunika majani. Watoto wangu waliona ni mchezo mkubwa kuliko yote. Nilikwenda kwa rafiki yangu.

"Ulisema hapa hapachomwi kitu."

"Rafiki yangu wewe, mbona unapaniki?" Alicheka na kunishika bega. "Ni tanuri moja tu. Siku chache, mnafunga madirisha, mambo yanaisha."

"Subiri basi nitafute nyumba nyingine. Nipe muda wa kumtoa mtoto."

"Tofali bichi halisubiri. Mvua ikilikuta linarudi tope."

Ilikuwa mwanzoni mwa kiangazi. Katika nchi ile hata wingu lilikuwa limesahaulika, na mvua ilikuwa mbali sana. Alinitazama machoni aliposema hivyo, na ninaamini hapo ndipo nilipokwisha kumjua, ingawa moyo ulikataa kwa muda kulipokea lile ambalo macho yalikuwa yamekwisha kuliona.

Walijenga tanuri midomo yake ikielekea upande wa upepo, maana yake mgongo wake ulielekea kwetu, na moshi nao. Wakalikandika udongo nje, wakasheheni magogo ambayo hayajakauka vizuri, na asubuhi moja wakaliwasha wakati nikiwa njiani kwenda kazini. Moshi wa gogo bichi si kama ule wa samaki. Ni mzito, mweupe, haupandi. Ulivuka minyaa ukaingia chini ya mlango. Mke wangu alifunga madirisha, akaziba nyufa kwa khanga zilizoloweshwa, akampulizia mtoto dawa, kisha tena, mpaka kichupa kikatoa hewa tupu. Ndipo akambeba mgongoni, akatoka mbio hadi barabarani kutafuta bodaboda. Mimi niliitwa kwa simu. Nilipofika hospitali mtoto alikuwa amevalishwa kifaa cha mvuke usoni, mabega yamepanda, macho yanauliza lile swali lake la zamani.

Alipona. Nalisema mapema ili asiwepo wa kuniambia kwamba basi hakuna lililoharibika.

Baba wa Maji alikuja siku ya pili na mfuko wa machungwa. Alisali kando ya kitanda, sala nzuri, ndefu, kisha akamfanyia mtoto ishara ya msalaba katika paji la uso. Kucha zake zilikuwa na majivu. Binti yangu alimtabasamia kupitia kile kifaa. Nilimgusa mkono mtu yule, tukatoka hadi ukumbini.

"Ulijua?"

"Bwana Samaki, Mpanda nzima inachoma tofali."

"Sikuulizi Mpanda. Nakuuliza wewe. Ulijua?"

Alihamisha mfuko wa machungwa kutoka mkono huu hadi ule. "Mwaka juzi waliniibia karibu tanuri zima. Mwaka jana tena. Nyumba ilikuwa tupu, hakuna jicho pale. Nikasema, akikaa mtu wa serikali, mtu mwenye heshima zake, nani atathubutu kugusa? Na kweli, mwaka huu hata tofali moja halijapotea." Lile la mwisho alilisema kama anayenipa pongezi. "Sasa ningekwambia, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Sasa unaona."

Alilitamka bila aibu, kama watu wawili wanaofikia muafaka baada ya mjadala. Nimeusoma uovu mwingi vitabuni, nao huja umevaa vizuri, una chuki au tamaa kubwa inayoueleza. Huu haukuwa na kitu. Mtu alihitaji mlinzi wa matofali, akayatazama yote aliyonayo duniani, na kitu cha karibu zaidi kukishika kilikuwa kifua cha mtoto aliyeahidi kumlinda. Wezi wa matofali, kwa uchache, walikuja gizani na wakaondoka wakikimbia. Yeye alibaki na machungwa mkononi akingoja niyapokee. Sikuyapokea. Aliyaacha juu ya benchi.

Mke wangu hakusema neno kuhusu Makanyagio. Hakuniambia kwamba alipapenda, wala kwamba kelele hazibani kifua. Alifunga mizigo. Ningependelea aseme.

Mtani wetu alikuwa amekwisha kuipangisha nyumba ile, lakini alikuwa na vyumba viwili vya uani. Alisimama getini akituangalia tunavyoteremsha magodoro, mikono kiunoni.

"Wamerudi, wamekaushwa vizuri kabisa. Huyu mdogo amebaki kichwa na mkia! Mleteni nimpe uji."

"Ulikuwa unajua," nilimwambia. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

"Si nilikwambia?"

"Ulinitania."

"Sasa mtani wako akwambieje, Bwana Samaki? Apige magoti?" Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu. "Mnaoapishana nao makanisani mnawaamini, mimi mnanicheka. Shauri yenu."

Tunaishi hapo mpaka leo. Spika ya dukani haijawahi kunyamaza, na mimi nimeacha kuilalamikia.

Jumapili iliyopita yule rafiki yangu wa zamani alikuwa amesimama kwenye mlango wa kanisa, amevaa shati lililopigwa pasi. Binti yangu aliuchomoa mkono wake mkononi mwangu kabla sijajua la kufanya. "Baba wa Maji!" Alikimbia, akamsalimia shikamoo kama tulivyomfundisha, na kile kiganja kikashuka tena juu ya kichwa chake. Padri anaweza kunisikiliza siku nzima, lakini hakuna sala inayomwondoa mtu aliyekwisha kumshika mtoto kwenye maji. Nilisimama pale pale, mkono mfukoni, vidole vimekishika kichupa cha dawa, nikisikiliza mtoto anavyohema.

Njiani kurudi aliniuliza, "Baba, mbona siku hizi haji kwetu?"

"Ana kazi."

"Kazi gani?"

"Ya matofali."

Alifikiri kidogo. "Akimaliza atakuja?"

Tulikuwa tumefika kwenye kivuko cha Makanyagio, na bodaboda zilikuwa zinapita kwa kasi, moja nyuma ya nyingine. Nilimwambia atazame kulia na kushoto. Nikamshika mkono imara, tukavuka.