Mizani ya Mama Feza

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa ndiyo iliyotuamsha kila siku kiangazi kile. Nyumba yetu ilikuwa karibu na ufuko, hatua chache kutoka bandari ya Kalemie, na mama alikuwa mnunuzi wa ndagala. Uani ilisimama mizani yake ya chuma, ile ya kuwekea gunia, imebanduka rangi na kunuka shombo hata ikisuguliwa kwa majivu. Mizani hiyo ilipunguza kilo. Ufukweni hakuna aliyeuita huo wizi: mizani ya wanunuzi wote ilipunguza, wavuvi walijua, nao kwa upande wao walileta samaki wenye unyevu na mchanga kidogo, kila mtu akaenda zake ameridhika. Haya mimi niliyaelewa baadaye. Baba hakuyaelewa kabisa, kwa kuwa alikuwa mtu wa Kiambi, mbali na ziwa, fundi wa reli, na biashara ya samaki aliiona ni mambo ya wanawake.

Baba alikuwa bondia. Kwa miaka mingi alicheza ngumi za ridhaa, akapigana Kabalo, Moba na hapa kwetu, akarudi na mbuzi, mara redio, mara kikombe cha bati ambacho mama alikifanya cha chumvi. Siku hizo hakuna aliyepima uzito. Kocha wake, Papa Lwamba, aliwatazama mabondia wawili kuanzia miguuni, akasema wanalingana, mambo yakaanza. Ngumi yake ya kushoto ilisifiwa mji mzima, nami nilitembea shuleni nimeinua kidevu kana kwamba ni mimi niliyeirusha. Kisha jicho lake la kushoto likaanza kuona ukungu. Muuguzi alimwonya kwamba pigo moja zito litalifunga. Mama alimsihi aache, akalia, akanuna, akampikia vizuri, akanuna tena. Baba alicheka tu. Mwezi huohuo promota wa Kigoma akamletea mkataba wa pambano lake la kwanza la kulipwa, wenye sharti moja kubwa: asizidi uzito ulioandikwa.

Ghafla mama akaacha kubishana. Alimwambia asihangaike kutafuta mizani, ya kwake ipo. Kila asubuhi baba alipanda pale juu na kaptula yake, amevuta tumbo ndani, mama akasogeza jiwe la mizani polepole na kutangaza: “Uko sawa, Papa Feza. Njo kilo zako,” yaani ndizo hasa zilizoandikwa. Baba alishuka akipiga hewa ngumi, akaketi kumaliza ugali wake bila wasiwasi. Nilifurahi sana. Nilidhani hatimaye wamepatana.

Walivuka ziwa, yeye na Papa Lwamba. Yaliyotokea huko tulisimuliwa na kocha. Mizani ya Kigoma ilimkataa baba. Wakampa nafasi: arudi kwao, au apunguze kabla ya jioni. Baba alivaa makoti mawili juu ya sweta, akakimbia juani, hakunywa tone la maji, hata mate akayatema. Jioni uzito ukatosha. Ulingoni miguu ilimtetemeka tangu raundi ya kwanza, na mpinzani, akiisha kugundua upande asioona vizuri, hakupiga pengine. Pambano la kwanza la kulipwa likawa ndilo la mwisho. Baba alirudi amefungwa bandeji, na jicho lile halikufunguka tena. Majirani walipokuja kumpa pole, aliwaambia kwamba watu wa Kigoma wamemfanyia hila. Waliitikia kwa heshima, macho yao yakienda uani, kwenye mizani yetu. Mimi niliuchukia mji ambao sijawahi kuukanyaga.

Sasa nina watoto wangu. Vijana wanaocheza ngumi Kalemie leo hupimwa kwenye mizani ya umeme, inayowaka namba nyekundu, na kabla ya pambano daktari huwamulika machoni. Nilipowaona wakipimwa hivyo mara ya kwanza, nilikwenda moja kwa moja kwa mama, nikamuuliza kama alijua. Alikuwa akichambua ndagala, hakuinua kichwa.

“Nilijua, Feza. Nilisema watamurudisha. Watamwambia, weye uko muzito, rudi kwenu. Nilikuwa naokoa jicho.” Akatupa kijiti pembeni. “Sikujua kama mutu anaweza kujikausha mwili sawa ndagala.”

Sikuweza kumkasirikia, wala sikuweza kumfariji. Baba hajui mpaka leo. Jioni, tukila, huirudia hadithi yake ileile: “Mizani ya Kigoma njo iliniua.” Mama hujibu, “Njo hivyo, Papa Feza,” huku akimtolea samaki miiba, mmoja mmoja, na kumwekea minofu upande wa kulia wa sahani, anakoona.