Vitu Nilivyovitupa Kabla ya Kwenda Msangano

Barua ilifika kwangu Chapwa Jumanne, mkononi mwa mtu aliyekuja Tunduma kuuza mpunga. Dada yangu Eseri aliandika kutoka Msangano kwamba mama ameteleza kisimani, mguu umevimba mpaka goti halionekani, na ni wiki ya pili hajasimama. Lori la kijiji lilikuwa limelala kwa kukosa tairi, na mvua zikianza hakuna gari litakalopanda kutoka kule bondeni. Hospitali iko juu, Mbozi. Kwa hiyo ilibidi niende mimi, kwa kuwa katika ukoo wetu ni mimi tu niliyekuwa na gari.

Gari lenyewe lilikuwa na siku tisa mikononi mwangu. Lilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa, niliyoinunua kwa Bwana Athumani, mtu wa Ujiji aliyekuwa akisafirisha mahindi pale Tunduma. Siku ya kuniuzia alilisifu kwa maneno machache, akanipa funguo kwa mikono miwili, akaniomba nilitunze kama lilivyo. Nilidhani ni majonzi ya kuachana nalo.

Lakini mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kukagua kucha na kola za watoto wa watu. Nilipofungua gari kulitayarisha kwa ajili ya mama niliona aibu. Chini ya kiti mlikuwa na dumu la maji yenye kutu, kipande cha waya, na jiwe kubwa lililopakwa rangi nyekundu. Dumu nilimpa mke wangu la kuwekea mafuta ya taa, waya nikafungia banda la kuku, jiwe nikalitupa shimoni. Kisha nikafagia, nikatandika godoro nyuma, nikajisifu kimoyomoyo.

Alhamisi alfajiri niliondoka Chapwa. Baridi ilikuwa kali na barabara kuu ilikuwa tupu, maana petroli ilikuwa haipatikani na wenye magari wengi walikuwa wakitembea kwa miguu kama wenzao. Kabla ya kufika Vwawa, kwenye kona moja, mlango wa upande wa abiria ulifunguka wenyewe. Niliufunga, ukafunguka kona ya pili. Nikaufunga kwa mkanda wa suruali yangu, nikaendelea huku suruali nikiishikilia kila niliposhuka.

Saa tatu, Hasamba. Hapo injini ilichemka, mvuke ukafunika kioo, nikasimama mbele ya shamba la kahawa. Mzee aliyetoka shambani alilitazama gari kabla ya kunitazama mimi. Alikuwa Mzee Mwashiuya, aliyelimiliki kabla ya Bwana Athumani. Aliuliza dumu liko wapi. Nikasema nimelitoa. Akaona mkanda mlangoni, akauliza waya uko wapi. Nikasema nao nimeutoa. Hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi.

Alinieleza kwamba rejeta inavuja na hunywa maji kila baada ya maili ishirini, na kwamba kitasa cha mlango kilikufa zamani, mtoto wake nusura adondoke. Nilimuuliza mbona hakumwambia Bwana Athumani. Akasema siku ya kuuza kitu hukisemi vibaya. Unaacha ndani dawa ya kila ugonjwa wake, na mnunuzi mwenye macho anaona. Nilimuuliza kuhusu breki. Zilikuwa nzima siku zake, akasema. Akanipa waya na dumu jingine la maji, nikashukuru, nikaamini kwamba sasa gari nimelijua.

Mchana niliteremka Msangano. Mteremko ule ni mrefu na wa mawe, na joto linakupokea kabla hujafika chini. Mama alikuwa amelazwa barazani. Alikuwa amekonda kiasi kwamba nilitaka kulia, nikajifanya nakagua tairi.

Tulipomlaza kwenye godoro alikataa kuondoka bila jiwe lake la kusagia, lile dogo la juu, lenye ukubwa wa mkate. Nilimwambia hospitalini hakuna anayesaga.

"Nikipona nitakwenda kwako," akasema. "Mawe ya watu siyajui. Sitoki."

Nilibishana naye mbele ya majirani, nikasema gari limezeeka na halihitaji mzigo wa kijinga. Eseri aliliweka jiwe miguuni pa mama bila kuniuliza, akapanda kando yake.

Saa tisa tulikuwa katikati ya kupanda. Injini ilikohoa, ikazimika. Nikakanyaga breki, pedali ikashuka mpaka chini. Nikavuta breki ya mkono, ikaja yote mkononi kama mpini wa jembe uliooza. Pikapu ikaanza kurudi nyuma polepole, na nyuma yetu ilikuwa kona, na baada ya kona hapakuwa na kitu. Ndipo nikalielewa lile jiwe jekundu.

"Eseri, jiwe! Weka jiwe!"

Aliruka. Nilisikia mlio wa kitu kinachopasuka, gari likayumba, likasimama. Nilibaki nimeshika usukani, nikimwogopa mama kuliko korongo. Nilipozunguka nyuma nilimkuta ameketi ameshika ubao wa gari. Jiwe lake lilikuwa chini ya gurudumu, pembe moja imemeguka.

"Lichukue," akasema. "Bado linafaa."

Tuliacha injini ipoe, tukapanda kwa hatua, Eseri akitembea nyuma na jiwe mikononi. Jioni tulifika hospitali. Mguu ulipona, ingawa si sana.

Niliporudi nilimwendea Bwana Athumani kwa hasira. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza kwa upole, "Mwalimu, jiwe nilikuachia. Umelipeleka wapi?" 

Mwaka uliofuata alikuja mtu kulinunua gari. Nilimweleza mlango, rejeta na breki, moja baada ya jingine, mama akisikiliza kutoka jikoni. Mtu yule alitikisa kichwa, akasema mtu anayesimulia mabaya yote haya bila shaka hataki kuuza, akaaga. Walikuja wengine wawili, nao wakaaga.

Kwa hiyo gari bado liko nyuma ya nyumba yangu, na kuku wanatagia ndani yake. Mama anasaga ulezi kwa jiwe lile lile lenye pengo. Ugali wake una mchanga kidogo, kila siku. Wageni husita wakitafuna na kunitazama. Mimi natafuna, namshukuru, naomba uongezwe.